Tanzia ya Chemchemi

Tume ya Sanaa ya jiji letu la Brodets ina wajumbe watano, na msanii ni mimi peke yangu. Mwenyekiti, Bi Doncheva, alifundisha muziki shuleni na bado anatuonyesha kwa kidole nani aanze kusema. Bozhidar ni binamu wa meya, na sifa yake kubwa katika sanaa ni kwamba anajua mashine ya kahawa inavyofanya kazi. Wawili waliobaki hawana neno: mmoja humfuata Bi Doncheva, mwingine humfuata Bozhidar. Kwa hiyo kura inayoamua huwa yangu, na jambo hilo limeniharibu kichwa zaidi ya rakiya, pombe yetu kali ya matunda.

Mimi ni mchongaji. Mke wangu Raina husema "alikuwa mchongaji," lakini Raina ana ulimi. Ujanani niliitengeneza chemchemi ya uwanja mkuu: mwanamke wa jiwe amebeba mtungi begani, na maji yanatoka mtungini yanaangukia kwenye beseni kubwa la mviringo. Niliipa jina "Binti wa Danube". Serikali ya zamani ilipoanguka, bomba nalo likapasuka, tukaahidiwa fundi, na mpaka leo binti yangu anamimina hewa. Njiwa wamejenga ndani ya mtungi. Kila nikipita pale huinama na kujifanya nafunga kamba za viatu, ili nipate kumtazama bila watu kusema, "Yule mzee anajitazama mwenyewe."

Siku hiyo tuliletewa ombi la sanaa ya muda. Mwombaji alikuwa msichana aitwaye Ralitsa Mincheva, mzaliwa wa hapa aliyesomea Sofia, mwembamba, mwenye buti kubwa. Alisimama mbele yetu akasema bila kupepesa macho:

"Nataka kubandika tanzia mji mzima."

Bi Doncheva akavua miwani. "Mwanangu, mji mzima umejaa tanzia tayari."

Ni kweli. Kwetu mtu akifa, karatasi yenye ukingo mweusi, picha na jina lake hubandikwa mlangoni, kwenye nguzo za umeme, kwenye miti, kwenye kituo cha basi. Asubuhi tunazisoma kwanza, ndipo tunaulizia mkate.

"Zangu ni za vitu," alisema Ralitsa. "Vitu vilivyokufa hapa mjini na hakuna aliyevilia. Sinema. Kivuko cha mtoni. Kiwanda cha achari. Chemchemi ya uwanjani. Zikae mwezi mmoja, mvua izichukue. Na kila marehemu awe na siku yake ya kuagwa. Tunakusanyika, tunasema tunachokumbuka, tunarudi nyumbani."

Bozhidar alikuwa anakoroga kahawa. Akaacha kukoroga.

"Ngoja, ngoja. Chemchemi imekufa? Basi hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Tume ikishakiri kwamba imekufa, meya ana haki ya kuizika. Si mnajua tuna shida ya maegesho? Pale yanaingia magari ya kutosha kabisa."

Nilisimama kwa ghafla kiti kikaanguka. "Haijakufa! Ina kiu tu!"

"Mzee Zahari, ina kiu tangu mimi nina nywele," alisema Bozhidar, akajipapasa upara.

Ralitsa akanigeukia. "Ndiyo maana nataka kuitangaza, mzee. Watu wakiona tanzia watashtuka. Labda watakumbuka kwamba walikuwa wanaipenda."

"Na wasiposhtuka?"

"Wasiposhtuka, basi imekufa kweli."

Jibu lilikuwa la haki, nami sikulipenda hata kidogo. Nilikuwa na kura ya kuamua. Neno moja tu, hapana, na binti yangu angebaki na njiwa wake kwa amani. Nilishafungua mdomo. Kisha, kwa sababu mimi ni mimi, nikauliza swali ambalo hakuna aliyeniomba niulize.

"Na mtu aliyeitengeneza umemtaja kwenye hiyo tanzia?"

"Nilimtafuta," alisema msichana. "Nimeuliza mji mzima, hakuna anayemjua. Mmoja aliniambia ililetwa kwa treni. Mwingine akasema iliachwa na Waturuki."

Bi Doncheva akakohoa. "Mwanangu, aliyeitengeneza ndiye huyu."

Ralitsa akawa mwekundu mpaka masikioni. "Wewe? Samahani, mzee wangu. Mimi nilidhani uko hapa kuwawakilisha wastaafu."

Hapo ndipo akili yangu ilipotoka chumbani na kufunga mlango. Sikumwona tena Bozhidar, wala maegesho, wala meya. Niliona nguzo za mji mzima, na kwenye kila nguzo jina langu. Nikasema nitakubali kwa sharti moja: jina la msanii liandikwe kwa herufi kubwa zisizopungua za jina la marehemu, na picha yake iwepo. Ile nzuri, niliyopigwa nikiwa nimesimama kando ya chemchemi siku ya kuizindua, nina nywele na tai.

"Mzee, una hakika?" aliuliza Ralitsa taratibu.

"Nina hakika."

Bozhidar alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Ilinipasa nishtuke nilipoona tunakubaliana.

Nyumbani Raina alinisikiliza mpaka mwisho huku akimenya pilipili zilizochomwa. "Kwa hiyo umeiuza chemchemi yako," alisema, "na bei yake ni herufi."

"Kubwa," nilimwambia.

"Kubwa," aliitikia, akaendelea kumenya.

Tanzia zote za Brodets huchapwa na Pencho, kwenye kiduka kilicho mkabala na hospitali. Ralitsa alimpelekea maandishi, picha yangu na sharti langu lililopigwa mhuri wa Tume. Pencho amechapa tanzia maisha yake yote, na mikono yake inajua kazi bila kumwuliza. Kuna picha ya mtu, kuna jina la mtu kwa herufi kubwa: atafanya nini tena? Chemchemi aliikata, akabakiza kichwa changu na tai. Jina langu akaliweka katikati, jeusi, nene, chini ya msalaba. "Binti wa Danube" alipata mstari mmoja mdogo huko chini, mahali ambapo kwa kawaida huandikwa jina la mjane.

Ijumaa asubuhi nilitoka kununua maziwa ya mgando, nikajikuta kwenye mlango wa jengo letu, nimebandikwa kwa gundi mbichi. ZAHARI PETRUNOV. Kwa majonzi makubwa tunakuaga. Kuaga ni Jumamosi saa tano asubuhi, uwanja mkuu.

Msomaji, wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba picha imetoka vizuri. La pili lilichelewa kidogo, na lilikuja pamoja na jirani wa juu aliyekuwa akishuka ngazi. Aliitazama karatasi, akanitazama mimi, akapiga ishara ya msalaba, kisha akapanda tena kwa kasi ambayo magoti yake huwa hayamruhusu.

Nilimpigia Pencho simu.

"Pencho, umeniua!"

"Nani mwenzangu?"

"Zahari Petrunov!"

"Poleni sana na msiba."

"Pencho, ni mimi mwenyewe! Chemchemi iko wapi? Kwa nini umekata chemchemi?"

"Mzee, watu wanataka kuona uso," alinijibu kama anayemweleza mtoto. "Na sharti lenyewe lilikuwa na mhuri. Jina kubwa, picha iwepo. Nami nimeweka jina kubwa na picha. Au umeionaje? Si imekaa vizuri?"

Ikabidi nikiri kwamba imekaa vizuri.

Ralitsa alikuja mbio, machozi yanamlengalenga, mkono umeshika ndoo ya maji ya moto na sifongo. Alitaka kuzibandua zote, mji mzima, saa ileile. Mtu mwenye akili angemshukuru na kushika sifongo la pili. Mimi nilimkaribisha ndani, nikamkalisha, nikamwambia tusifanye haraka. Kesho si mbali. Watu watakuja uwanjani wakidhani nimekufa, watasema yaliyo mioyoni mwao, kisha tutawaeleza. Nilisema ni kwa faida ya sanaa.

"Sanaa!" alisema Raina kutoka jikoni. "Binti, huyu anataka kusikia akisifiwa. Hajasikia siku nyingi, na mimi sina nafasi."

"Basi utakuja na nguo nyeusi?" nilimwuliza.

"Nina gauni la kijani na ndilo nitakalovaa. Ukitaka mjane, katafute kwingine." Akaichomoa waya ya simu ukutani, maana ilikuwa haijaacha kulia.

Jumamosi niliwahi. Nilivaa kofia ya mvua ingawa jua lilikuwa kali, nikajibanza nyuma ya kibanda cha magazeti, karibu kabisa na chemchemi. Nilitegemea watu wachache. Walikuja wengi mpaka nikaanza kujisikia marehemu wa maana. Wanawake walileta ngano ya kuchemsha iliyopambwa kwa sukari, chakula chetu cha msibani, wanaume walileta rakiya, na karibu kila mtu alikuwa na maua. Waliyalaza kwenye ukingo wa beseni, mawili mawili na manne manne. Kwetu maua ya aliye hai huwa witiri, moja, matatu, matano. Ya shufwa ni ya wafu. Hata mtoto mdogo hakosei hapo.

Nikatega masikio.

"Alikuwa nani kwani?" aliuliza mwanamke mmoja.

"Zahari. Yule wa Raina."

"Aa, mume wa Raina! Maskini Raina."

Nikasubiri. Akaja Dochka, muuza maua wa sokoni, sauti yake unaisikia mpaka ng'ambo ya mto. "Alinifundishia mtoto kuchora," alisema. "Mwaka mzima."

Moyo ukanipanda. "Sasa anafanya nini mtoto?" aliulizwa.

"Bucha."

Basi. Hayo ndiyo yaliyosemwa juu yangu, na mengine mawili matatu kuhusu kofia zangu. Kisha wakamwinulia macho yule mwanamke wa jiwe, na hapo midomo ikafunguka kweli.

"Mimi nikitoka zamu ya usiku kiwandani nilikuwa naoshea uso hapa kwa Shangazi Gana," alisema mzee mmoja mwenye fimbo. "Maji baridi! Mke wangu hakuwahi kuniona na masizi."

Shangazi Gana? Nilidhani anazungumzia mtu mwingine. Lakini wote walimwita hivyo. Shangazi Gana hivi, Shangazi Gana vile. Hakuna hata mmoja aliyetamka "Binti wa Danube".

"Marehemu mume wangu aliniposa pale, pale ulipoweka fimbo," alisema Dochka. "Nilimsukuma akaangukia majini na suti yake ya kuazima. Alipotoka anatiririka, nikamwonea huruma, nikakubali."

Watu wakacheka, wamesahau kama wako msibani. Mwingine akakumbuka walivyokuwa wakiosha cheri, mwingine mwanawe alivyotumbukia na kiatu kikaondoka na maji. Mwanamke mmoja aliyekuwa na ngano mkononi alianza kulia tu, bila kusema kwa nini, na wenzake hawakumwuliza.

Mimi nyuma ya kibanda nilikuwa nimeduwaa. Miaka yote hiyo nilidhani wameisahau chemchemi kwa sababu wamenisahau mimi. Kumbe walikuwa wakiipenda vizuri kabisa bila msaada wangu. Iliniuma, sitaficha. Na palepale nikaona furaha ambayo sikujua niiweke wapi, maana sijazoea kufurahi bila kutajwa.

Ndipo meya akafika, na shada kubwa la maua lenye utepe, Bozhidar akimfuata nyuma. Alipanda kwenye ukingo wa beseni, akawatazama watu kwa uso wa mazishi.

"Ndugu wananchi. Leo tunaaga wawili: msanii wetu mpendwa, na chemchemi yake. Tume ya Sanaa, naye mwenyewe akiwemo, ilipiga kura na kukiri kwamba chemchemi hii imekufa. Tutaheshimu matakwa yake ya mwisho. Jumatatu mashine itakuja. Na mahali hapa patajengwa maegesho, ambayo, nina heshima kuwatangazia, yatapewa jina lake. Maegesho ya Zahari Petrunov!"

Mtu mwema angeruka palepale. Mimi nilibaki nyuma ya kibanda nikijiuliza kibao kitakuwa na herufi za ukubwa gani. Nusu dakika nzima nilijiuliza! Nikaziona, nyeupe juu ya buluu, zinawaka usiku. Kisha yule mwanamke aliyekuwa akilia akaenda kumgusa Shangazi Gana mguuni, taratibu, kama unavyomgusa mgonjwa kuona kama ana homa, na zile herufi zikazimika.

Nilitoka, nikavua kofia.

"Haijakufa," nilisema.

Bakuli la ngano likaanguka na kuvunjika. Mtu akapiga yowe. Mzee mwenye fimbo akaninyooshea fimbo yenyewe.

"Zahari!" alifoka Dochka. "Shetani wewe! Nimefunga duka kwa ajili yako!"

"Na mimi nimeacha maharage motoni!"

"Aibu! Mzee mzima!"

"Nipigeni baadaye," nilisema. "Sasa mnisikilize."

Meya alikuwa amepauka, lakini meya ni meya. "Mzee, kwa kweli wewe ni marehemu. Hauko kwenye ratiba ya wasemaji."

Bozhidar akadakia: "Na Tume ilishapiga kura! Imekufa rasmi, ina mhuri. Wewe mwenyewe uliinua mkono, nilikuona!"

"Niliinua," nilisema. "Niliinua kama mpumbavu, nilitaka jina langu lionekane, nanyi mmeliona. Lakini tanzia ni moja, Bozhidar. Karatasi hiyohiyo inayosema chemchemi imekufa, inasema na mimi nimekufa. Nitazame. Kama imesema uongo kwangu, kwa nini iwe kweli kwake?"

Watu wakalipima hilo. Tumezoea kuamini karatasi zenye ukingo mweusi kuliko tunavyoamini magazeti.

"Karatasi ni moja kweli," alisema mzee mwenye fimbo.

"Ni moja," alisema mwanamke aliyekuwa akilia. "Huwezi kumzika nusu."

Sasa Dochka akashika kiuno na kuyaangalia maua yaliyojaa ukingoni. Uso wake ukabadilika. "Ole wetu! Na haya je? Maua ya wafu tumemwekea Shangazi Gana, naye yu hai? Mnataka kumwua kwa mikono yenu?" Akachukua shada la kwanza, akachomoa ua moja, akarudisha lililobaki. Shada la pili, akachomoa moja. Wanawake wengine wakamwelewa bila kuelezwa, wakaanza nao. Baada ya muda mfupi uwanja mzima ulikuwa umeinama kwenye beseni, kila mtu anachomoa ua moja, anahesabu kwa midomo, anarudisha. Ralitsa alikuwa katikati yao na buti zake, analia na kucheka. Hakuwahi kuomba ruhusa ya kitu kama kile, na Tume yetu isingempa.

Meya alibaki juu ya ukingo na shada lake la mviringo. Shada la utepe huwezi kulichomoa likawa la walio hai. Watu wote waliokuwa wamemaliza kuhesabu walianza kulitazama.

"Hili," alisema meya, "ni la mazishi mengine. Napitia tu."

"Na mashine ya Jumatatu?" aliuliza Dochka.

Meya akayatazama maua, akatutazama sisi, wapiga kura wake. Yeye pia ni mtoto wa Brodets, ana mama. Hawezi kupeleka mashine mahali palipowekwa maua ya walio hai. "Mashine ina hitilafu," alisema, akashuka. Bozhidar alilibeba shada mpaka kwenye gari.

Kwa muda nilisimama pale nikitegemea mtu aje anipe mkono. Walikuja wachache, na walikuja kunitukana. Wa mwisho alikuwa Dochka, amekumbatia maua yote yaliyochomolewa, furushi zima.

"Shika, marehemu," alisema. "Haya hayana mwenyewe."

Tulirudi nyumbani mimi na Raina, yeye na gauni lake la kijani, mimi sioni njia kwa sababu ya maua. Kila nguzo tuliyopita ilikuwa na mimi, nikiwa na nywele na tai.

Jikoni nililaza furushi mezani na kukaa. Raina alijaza maji kwenye jagi, akakata shina moja moja kwa mkasi, akiyatia ndani. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Mara ya kwanza nilidhani ananilaani kimyakimya. Alipofika mwisho alisita, akatazama dirishani, akaanza kuhesabu tena tangu mwanzo, polepole zaidi. Kisha akachomoa ua moja, jekundu, akalitia peke yake kwenye glasi yake ya maji upande wa pili wa meza.

"Yalikuwa mangapi?" nilimwuliza.

"Sasa yako sawa," alisema. "Nawa mikono, supu inapoa."